Mionzi Ile Ile

Mwishoni mwa mwaka 1996, katika ua wa nyumba ya udongo nje kidogo ya mji wa Handeni, niliulizwa swali ambalo sikulijibu. Nasema sikulijibu ingawa nilifungua kinywa na maneno yakatoka. Kwani yaliyotoka hayakuwa jawabu, bali mlango wa kukimbilia. Aliyeniuliza alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, Mungu amrehemu. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya sekondari mjini Korogwe, na swali lake lilihusu somo langu mwenyewe. Hiyo ndiyo aibu niliyoichukua kwa miaka yote hii, na ndiyo inayoniandikisha leo.

Shangazi alizaliwa Unguja, upande wa kusini, si mbali na msitu wa Jozani. Aliolewa na Mzigua aliyevuka bahari kuja kuchuma karafuu, kama walivyokuja wengi kutoka bara enzi zile, na msimu ulipokwisha akamfuata mumewe hadi Handeni. Aliacha minazi na mawimbi akaingia nchi ya vilima vikavu, ya mahindi na kunde, ambako mvua huja kwa kusitasita kama mgeni asiye na uhakika wa kukaribishwa. Alizoea. Kizigua alikisema mpaka wenyewe wakasahau kuwa ni mgeni. Lakini mashairi aliyaghani kwa Kiswahili cha kwao, na redio yake ya betri haikuondoka ubavuni kila lilipotua jua. Elimu yake ilikuwa ya chuo cha Kurani, basi; hata hivyo aliweza kupima mizani ya ubeti kwa vidole kabla mimi sijamaliza kuusoma.

Mumewe alifuga ng'ombe, akafilisiwa na mbung'o. Anayeijua Handeni anajua kuwa vichaka vyake vimekuwa makao ya inzi huyo tangu enzi za mababu, na kwamba nagana anayoieneza huweza kulimaliza zizi lililochukua miaka kujaa. Kwa hiyo neno "mbung'o" nyumbani kwa shangazi halikuwa jina la mdudu tu. Lilikuwa jina la umasikini wao.

Mwaka huo wa 1996 niliitwa kutoka Korogwe. Nilipanda basi, tukavuka Mto Pangani, tukaingia ile barabara ambayo leo ina lami lakini siku hizo ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na utelezi masika. Nilimkuta shangazi amekonda. Maradhi yake yalikuwa saratani ya mlango wa kizazi, jambo ambalo mwanamme wa ukoo hakupaswa hata kulitaja, na kwa muda mrefu wanawake walilificha. Daktari alikuwa amempa barua ya kwenda Dar es Salaam kupata matibabu ya mionzi. Hakutaka kwenda. Watoto wake walinitazama mimi: ndiye msomi, ndiye anayefundisha mambo hayo, aseme naye.

Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha mkekani. Kisha akaniuliza kwa utulivu: "Mwanangu, nimesikia redioni kwamba huko Tanga wanawafuga mbung'o, wanawapiga mionzi madume ili wasizalishe, halafu wanawapeleka kwetu Unguja kuwamwaga kwa ndege. Mionzi hiyo na hii ninayoitiwa Dar es Salaam, ni mionzi ile ile?"

Nilijua jawabu. Jawabu lilikuwa "ndiyo". Lakini kila nililolijua nyuma ya neno hilo nililijua kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesomeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza nilikuwa nikisomesha. Katika Kiswahili changu hapakuwa na ngazi ya kushukia kutoka kwenye "ndiyo" ile hadi mahali ambapo mtu angeweza kuisikia asiogope. Nikasema: "Hapana, shangazi. Ile ni ya wadudu, hii ni ya watu."

Alinitazama kitambo. Akasema, "Haya, mwanangu." Hakwenda. Alifariki mwaka uliofuata.

Sisemi kwamba angepona. Maradhi yalikuwa yamekwenda mbali, na ajali ina mwenyewe. Ninachosema ni kwamba alistahiki kuchagua akiwa anajua, na kwamba mwanamke aliyepima mizani kwa vidole hakukosa kuusikia uongo wangu ulivyopungua mizani. Basi, ndugu msomaji, niruhusu nimjibu sasa, kwa lugha aliyoniulizia.

Ningeanza na mawe, maana Handeni na Korogwe ni nchi za mawe. Huko Kalalani, wilayani Korogwe, watu huchimba yakuti. Na katika mito mikavu ya Handeni vijana huokota vijiwe vyekundu wakitumaini ni vito. Miamba hii ni sehemu ya ule wanaouita wataalamu Ukanda wa Msumbiji, unaopita mashariki ya nchi yetu kutoka kusini hadi kaskazini. Wamepima umri wa miamba ya Usambara, Upare na Uluguru, wakakuta kuwa ilipikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi miaka takriban milioni 640 iliyopita. Wamejuaje? Kwa sababu ndani ya miamba ya namna hiyo mna punje ndogo za madini, mojawapo huitwa zirkoni, ambazo zilipoumbwa zilikubali kuingiwa na urani kidogo lakini zikaikataa risasi. Leo ukizipima unaikuta risasi humo. Haikuingia kutoka nje. Ilikuwa urani, ikageuka.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kila kitu kimefanywa kwa atomu, na katikati ya kila atomu mna kiini chenye chembe za namna mbili, protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo jina la kitu: zikiwa 92 ni urani, zikiwa 82 ni risasi, zikiwa 6 ni kaboni. Viini vingi vimetulia, havitabadilika milele. Lakini vipo vilivyojaa kupita kiasi, au ambavyo chembe zake hazikulingana vizuri, kama jahazi lililopakiwa vibaya. Navyo hutafuta utulivu kwa kutupa kitu nje. Kutupa huko ndiko unururifu, neno la kamusi zetu lenye "nuru" tumboni mwake, na kinachotupwa ndicho mionzi.

Vitabu vya Kiingereza hulitaja tendo hili kwa neno linalotumika pia kwa tunda lililoharibika, na anayefasiri kwa pupa husema atomu "inaoza". Neno hilo limeleta madhara. Mgonjwa akisikia kuoza huona kidonda. Kiini cha urani hakiozi, kinapunguza shehena.

Dunia haikulijua jambo hili mpaka mwaka 1896, Henri Becquerel alipokuta huko Paris kwamba chumvi ya urani imeacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, bila ya msaada wa jua. Miaka miwili baadaye Marie na Pierre Curie walitangaza vitu viwili vipya vyenye tabia hiyo, poloni na rediamu. Ernest Rutherford akatofautisha namna mbili za mionzi, akaziita kwa herufi za Kigiriki, alfa na beta. Na mwaka 1900 Paul Villard akaikuta ya tatu, iliyopewa baadaye jina la gama.

Alfa ni bonge: protoni mbili na nyutroni mbili zikitoka kwa pamoja. Kiini cha urani chenye protoni 92 kikitupa alfa hubaki na 90, na hapo si urani tena, ni thori. Thori nayo haikutulia. Safari yote, kutoka urani ya namna iliyo nyingi zaidi, ile yenye uzito wa 238, hadi risasi ya uzito wa 206, inapita kwenye alfa nane na beta sita. Bonge la alfa ni zito na halifiki mbali: karatasi moja hulizuia, na ngozi ya nje ya mkono hulizuia. Hatari yake ni pale kinacholitoa kinapomezwa au kuvutwa pumzini, maana mapafu hayana ngozi ya kujikinga. Ndiyo maana anayechimba shimo refu lisilo na hewa ana sababu ya kuliogopa vumbi, na ile gesi ya radoni inayozaliwa katika safari hiyo ya urani. Bali jiwe lililolala juani halina la kumtisha apitaye.

Beta ni nyepesi. Ndani ya kiini chenye nyutroni nyingi mno, nyutroni moja hugeuka protoni, na katika kugeuka huko hutupa elektroni kwa kasi kubwa. Hapa kiini hakipungui uzito wa kutajika, bali kinapanda daraja moja: kaboni ya uzito wa 14 inakuwa naitrojeni. Kwa kaboni hiyo wanaakiolojia hupima umri wa makaa ya mioto iliyokokwa na wazee wetu katika miji ya kale ya mwambao. Ipo pia njia ya kinyume, ya kiini chenye protoni nyingi mno: protoni moja hugeuka nyutroni, ama kwa kutoa elektroni yenye chaji chanya, ama kwa kumeza elektroni ya atomu yenyewe. Beta hupenya karatasi, lakini bati la alumini la milimita chache huisimamisha.

Na hapa ningemwambia shangazi jambo ambalo lingemshangaza: mionzi hakuisubiri Dar es Salaam. Kunde anazochemsha, ndizi anazokaanga, na nyama ya mwili wake mwenyewe vina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu yote ya dunia ni ya namna isiyotulia. Ndani ya mwili wa mtu mzima, viini vyake yapata elfu nne hugeuka kila sekunde, usiku na mchana, tangu utotoni hadi kaburini. Hatukuumbwa nje ya jambo hili. Tumo ndani yake.

Gama haina uzito wala chaji. Ni nuru, ndugu ya nuru ya jua, ila imebeba nguvu nyingi mno hata macho hayaioni. Aghalabu hutoka baada ya alfa au beta, pale kiini kipya kinapokuwa bado kina mtikisiko na kinahitaji kuutua. Karatasi haiizuii, bati haliizuii. Huhitaji risasi nene au ukuta mpana wa zege. Kobalti ya uzito wa 60, iliyotumika katika mashine za kutibia saratani nchini mwetu miaka ile, hutupa beta ikageuka nikeli, na nikeli hiyo hutua kwa kutoa gama mbili, moja baada ya nyingine. Gama hizo ndizo zinazoelekezwa kwenye uvimbe.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Huko Tanga walikofugwa mbung'o, madume yalipigwa gama ya sesiamu. Gama ni gama, itoke kwenye sesiamu au kwenye kobalti. Kwa hiyo ndiyo, shangazi, ni mionzi ile ile. Ikipita katika kitu kilicho hai huzikata nyuzi za urithi zilizomo ndani ya chembehai, na chembehai inayoumia zaidi ni ile iliyo mbioni kujigawa. Kwa dume la mbung'o, zilizo mbioni ni zile zinazotengeneza mbegu; basi hubaki akiruka, akipanda jike, lakini hazai. Na saratani ni nini? Ni chembehai zilizosahau kuacha kujigawa. Kile kinachomfanya mbung'o tasa ndicho kinachoufanya uvimbe tasa. Dawa ni moja. Kinachotofautiana ni mahali inapoelekezwa, kiasi chake, na jinsi kinavyogawanywa kidogo kidogo, siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, ili nyama nzima ipate kupumua na kujitengeneza.

Ningemwambia pia yasiyopendeza: kwamba ngozi ingeweza kuchubuka, tumbo kuharika, mwili kuchoka, na kwamba kizazi kisingebeba tena, ingawa umri wa kuzaa ulikuwa umekwisha kumpita. Na ningemwondolea khofu moja ambayo hakuitamka, lakini wanawake wa mtaa walikuwa wakiinong'ona: kwamba akirudi angekuwa na mionzi mwilini na wajukuu wasingeweza kulala naye. Gama ya mashine ile ikishapita imepita, kama mwanga wa taa iliyozimwa. Haibaki ndani ya mtu.

Limebaki jambo moja la kueleza, nalo ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote. Kiini kisichotulia kitageuka lini? Hakuna ajuaye. Ukikiweka motoni hakiharakishi, ukikitia barafuni hakikawii, na kilichongoja miaka elfu si mzee kuliko kilichoumbwa jana. Lakini vikiwa vingi, jamii yao ina ahadi isiyovunjwa. Mwaga sarafu 64 mkekani, uondoe zote zilizoangukia kichwa; zitabaki kama 32. Zimwage tena, zitabaki kama 16, kisha 8. Huwezi kuapa juu ya sarafu yoyote moja, ila juu ya kundi waweza. Muda wa nusu kuondoka ndio unaoitwa nusumaisha: kwa kobalti ni miaka mitano na robo hivi, kwa sesiamu ni kama 30, kwa kaboni ile ni 5,730, na kwa urani ile ya miamba ni miaka bilioni nne na nusu, karibu sawa na umri wa dunia yenyewe.

Shangazi angelielewa hili kuliko wanafunzi wangu wote, kwani alikuwa amezika watoto wawili, na alijua kuwa hakuna ajuaye zamu ni ya nani ingawa kila mtu anajua kuwa zamu zipo. Kwa ajili yake nilitunga ubeti huu, nikiwa nimechelewa mno:

Chembe ndani ya kiini, siku yake ikifika,
Hutoka bila idhini, wala mtu kuitaka,
Si motoni si majini, haihimizwi haraka,
Nusu hubaki nyumbani, na nusu imeondoka.

Angeupima kwa vidole, na pengine angenirekebisha neno. Lakini angeuelewa, na hapakuwa na istilahi hata moja ya kigeni ndani yake. Hili ndilo linaloniuma: maneno yote niliyoyahitaji siku ile tayari yalikuwa kinywani mwangu. Kiini, chembe, nusu, nuru, kugeuka, kutulia. Nilidhani lugha yetu haina ngazi, kumbe mimi ndiye sikuwahi kuipanda.

Wale mbung'o waliomwagwa na ndege, zaidi ya milioni nane kwa jumla, walifanya kazi yao. Jike la mbung'o aghalabu hukubali dume mara moja tu, na aliyempata tasa hakupata mtoto. Mbung'o wa mwisho wa Unguja alinaswa mwaka huo huo wa 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika. Ng'ombe wa Jozani, nyumbani kwa shangazi, waliokolewa na mionzi ile ile aliyoiogopa. Habari hiyo ilisomwa redioni. Redio yake ilikuwa imekwisha kugawiwa mjukuu.

Mimi niliendelea kusomesha Korogwe hadi nilipostaafu. Tangu mwaka ule, kila nilipofika kwenye somo la mionzi, nilikifunga kitabu cha Kiingereza kwanza, nikalieleza kwa Kiswahili tangu jiwe la Kalalani hadi mashine ya hospitali, ndipo nikakifungua. Baadhi ya wenzangu walisema ninapoteza muda wa mtihani. Niliwaambia kwamba katika darasa la watoto 40, kila mmoja ana shangazi.

Nilipokwenda Handeni mara ya mwisho nilipita makaburini. Kobalti iliyokuwa ikimngoja mwaka ule, popote ilipo leo, haijabaki hata moja ya sehemu 32. Sesiamu ya Tanga imekaribia nusu. Urani ya miamba iliyo chini ya kaburi lake haijapungua kwa kiasi ambacho mwanadamu angekitambua. Nilisoma Fatiha, nikakaa kitako, nikamjibu kwa sauti, kwa maneno machache: "Ndiyo, shangazi. Ni ile ile."